Sensei wa Besiboli na Macho ya Mama Mkwe

Mguu mmoja ulikuwa ndani ya duka la kubeti, wa pili bado uko nje kwenye ngazi. Hapo ndipo tulipomwacha fundi miwani wiki iliyopita, msomaji, mkono kwenye kitasa, roho juu. Kwenye benchi la mbele, chini ya televisheni kubwa, alikuwa amekaa mama mtu mzima aliyejitanda mtandio wa kijivu, mkoba mapajani, karatasi ya mkeka wa kubeti mkononi.

Mama mkwe wake.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, habari ni hii. Fundi miwani hukata na kusugua vioo katika duka dogo la miwani mtaa wa pili. Alikwisha mwapia mkewe kwamba kubeti amekuzika na kaburi amelisahau. Na kubeti kwake si kwa mpira wa miguu kama wenzake. Yeye alizama katika besiboli ya Wajapani, mchezo unaochezwa kule jioni wakati huku ni mchana, saa ambayo mtu anaweza kutoroka kazini akadai anakwenda kula.

Asichokijua mkewe ni kwamba mumewe hakuacha. Alipanda cheo. Alifungua kundi kwenye simu, akajiita Sensei, yaani mwalimu kwa Kijapani, akajifanya anaishi hukohuko Japani, akawa anawauzia watu utabiri. Hakuna aliyemjua kwa sura wala kwa sauti.

Sasa mama mkwe huyu hapa.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kukimbia, na lilikuja na sababu yake. Mama alikuwa haoni. Nani aliyejua hivyo kuliko yeye? Si ndiye aliyemkalisha kwenye duka la bosi wake, akammulika macho kwa kurunzi, kisha akawaambia wanawe kwamba miwani haitafua dafu, ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, dawa yake ni upasuaji? Mtu akimkalia mbali kidogo, mama humwona kama kivuli nyuma ya pazia.

Hawezi kuniona, akajiambia. Akaona haya kwa jinsi wazo lile lilivyomfurahisha. Lakini mguu ulikwisha anza kurudi nyuma.

"Kijana, samahani," mama akasema, uso ameuelekeza mlangoni. "Hebu nisomee pale juu. Mchezo umeanza?"

Mtu mwenye adabu zake angesema shikamoo. Fundi miwani alikwaruza koo, akatoa sauti nzito ya mzee mvuta sigara.

"Bado, bibi. Wanajiandaa."

Bibi! Mama mzazi wa mkewe, aliyempa binti yake kwa mikono miwili, leo anamwita bibi kama mtu wa kupishana naye sokoni.

Mama aliinamisha kichwa kama anayesikiliza ukutani. Kisha akagusa benchi ubavuni mwake.

"Njoo ukae, mkwe wangu. Mimi nimepokea watoto maisha yangu yote, nikiwajua kwa kilio kabla hawajajua kusema. Nisikujue wewe kwa sauti ya kuigiza?"

Alikuwa mkunga mstaafu, na hilo fundi miwani alilisahau. Alikwenda akakaa ncha ya benchi, magoti pamoja kama mwanafunzi mpya, akatoa shikamoo yake ndogo. Mama akaitikia marahaba, huku akiusukuma ule mkeka chini ya mkoba. Hapo ndipo fundi alipogundua kwamba mama naye alikuwa ameona haya. Mkwe na mkwewe, wote wamefumaniwa mahali pamoja, na hakuna wa kumhukumu mwenzake.

Mama ndiye aliyeanza kujieleza. Alieleza taratibu, kwa sauti ya chini, ili karani wa dirishani asisikie. Alisema jirani yake mwenye duka la dawa ndiye aliyemwingiza katika kundi fulani la simu. Mwanzoni alikuwa msikilizaji tu, jirani akimsomea. Kisha akaweka kidogo, akapata. Akaweka tena, akapata tena. Wengine wa kubeti, alisema, kazi yao kupiga makelele. Huyu bwana wa kundi hili ni mtu wa namna nyingine. Anafundisha. Kila asubuhi anaeleza nani atatupa mpira, nani ameumia, uwanja gani una paa na upi mvua huvuruga mchezo. Ana elimu na ana heshima.

"Anaitwa Sensei," mama akasema. "Natamani siku moja ukae naye. Ungejifunza kitu."

Fundi miwani akautazama mlango.

Akauliza, kwa kuwa ilimlazimu kuuliza, mama leo ameweka dau gani. Mama alishika ukingo wa mtandio, akaukunja, akaukunjua.

Ameweka yote.

Yote ipi, fundi alijua kabla hajaambiwa. Ilikuwa ile fedha ya macho. Wanawe wameichanga kwa muda mrefu, kila mmoja kwa jasho lake, na mke wa fundi mwenyewe aliliuza jokofu alilokuwa akiuzia barafu. Fundi ndiye aliyelibeba hadi kwenye gari la mnunuzi. Lakini kumbe mchango ule ulitosha jicho moja. Hospitali ilipotaja bei ya la pili, mama hakuwaambia watoto.

"Sikutaka kuwarudia na bakuli," akasema. "Nilisema jicho la pili nijinunulie mwenyewe. Na Sensei alisema mkeka wa leo mtu auweke akiwa amefumba macho. Nikasema basi, kumbe ni mimi niliyekusudiwa."

Akacheka kidogo kwa utani wake mwenyewe, uleule ambao asubuhi mmoja aliyejiita Nuru aliutuma kundini. Fundi alicheka pia, kicheko kikavu cha mtu anayekohoa kitu kilichomkwama.

Kwenye televisheni wachezaji walikuwa wanaingia uwanjani. Kamera ikamsogelea mtupaji wa timu ya nyumbani, yule ambaye Sensei aliwaapia watu kwamba hakuna gongo la kumgusa.

Fundi alisogea mbele kwenye benchi.

Mtupaji aliyemtabiri yeye ni mkongwe mwenye kitambi na mashavu mazito. Aliyesimama pale kwenye kilima cha kutupia alikuwa kinda, mwembamba, kofia inamwangukia machoni, hata mkanda umemzunguka kiuno na bado ukabaki. Kwa wasiojua, kule Japani mtupaji wa kuanza mchezo hutangazwa siku moja kabla. Ukijua nani anatupa umejua nusu ya mchezo. Jana Sensei alilisoma tangazo, jina la ukoo akaliona. Ila alilisomea chooni, simu ameificha chini ya taulo, mkewe anabisha mlango akiuliza kama ana tumbo. Hakungoja kusoma jina la pili. Watupaji wawili wa timu ile wana jina moja la ukoo, na huyu wa leo ndiyo kwanza amepandishwa kutoka timu ya akiba.

Aliinuka ghafla, akamwambia mama anakwenda kuuliza kitu. Dirishani alimnong'oneza karani kama mkeka unaweza kufutwa. Karani, bila kuinua macho, alimjibu kwamba mpira wa kwanza umesharushwa, na mkeka haufutwi mchezo ukianza. Akaongeza kwamba angekuja mapema kidogo tu, wangefuta.

Mapema kidogo. Ule muda aliokuwa amesimama mlangoni akiigiza sauti ya mzee.

Alirudi kwenye benchi miguu mizito. Mama alidhani ugeni wa mchezo ndio unaomsumbua, akamhurumia. Akaanza kumfundisha.

Ewe msomaji, kuna adhabu za kila aina, lakini hii ya kukaa kitako ukafundishwa maneno yako mwenyewe sijui waliitungia nani. Mama alimweleza kwamba kule mtupaji wa kuanza hutupa mara moja kwa wiki, kisha hupumzishwa kama ng'ombe wa maziwa. Mfano wa ng'ombe wa maziwa ulikuwa wa Sensei. Alimweleza kwamba Jumatatu mtu asiwasumbue Wajapani, kwa kawaida ni siku yao ya kusafiri na kupumzika. Alimweleza kwamba besiboli ya kule hukubali sare. Raundi tisa zikiisha bila mshindi wanaongezewa, zikifika kumi na mbili kila mtu anakwenda kwao. Kwa hiyo kuna mkeka wa njia mbili, ambao sare ikitokea unarudishiwa chako, na kuna wa njia tatu, ambao sare ikitokea umeliwa, ila malipo yake yamenona. Sensei alisema sare huonekana mara chache, mwoga ndiye anayeweka njia mbili.

Mama aliweka njia tatu.

"Na anayetupa leo," akamalizia kwa fahari, "ni yule mkongwe mwenye kitambi. Ndiye huyo hapo, sivyo?"

Fundi miwani alitazama kioo. Kinda alikuwa anajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Ndiye, Mama."

Uongo juu ya uongo.

Lakini mungu wa wajinga halali. Kinda alirusha. Mpigaji wa kwanza akakata upepo. Wa pili naye upepo. Wa tatu aligusa mpira kwa pembeni, ukaanguka mikononi mwa mlinzi kama embe lililoiva. Raundi ikaisha. Ya pili ikaja, ikaenda vilevile. Mpira wa yule kijana ulikuwa unafika kwa mpigaji kisha unazama, kana kwamba umekumbuka kitu chini. Watangazaji wa Kijapani wakaanza kupandisha sauti. Timu ya nyumbani ikapata pointi, moja tu, lakini besiboli si mchezo wa kudharau moja.

Fundi akaanza kupumua. Tazama sasa binadamu alivyo. Mtu aliyekuwa anatamani ardhi ipasuke, mchezo ulipofika raundi ya saba alikwisha panga maneno. Wakishinda, kuna haja gani ya kuungama? Mama atapata macho yote mawili. Usiku Sensei ataandika kwenye kundi kwamba alijua siku nyingi kipaji cha kinda yule, ila alificha jina ili duka lisishushe malipo. Waliomo watampigia makofi. Akajikuta anatabasamu.

Raundi ya tisa ikaja. Kinda alikwisha pumzishwa, mwingine anatupa. Wageni walikuwa na mkimbiaji mmoja kituo cha tatu, anayesubiri kufika kituo cha mwisho apate pointi. Mpigaji akagusa mpira dhaifu, wa kudunda, wa kuokotwa na mtoto. Mlinzi akainama kuuokota.

Ukampita katikati ya miguu.

Sasa ni sare, pointi moja kila upande. Mama aliuliza kelele ile ni ya nini, fundi akamwambia. Mama akasema mchezo ndivyo ulivyo, wataongezewa. Alikuwa ametulia, mikono juu ya mkoba, kama alivyokuwa akitulia, pengine, karibu na vitanda vya wazazi wengi.

Ya kumi haikuzaa. Ya kumi na moja haikuzaa. Ya kumi na mbili, timu ya nyumbani ikamleta mpigaji wake mkubwa, watu uwanjani wamesimama wote, mpira ukapigwa juu sana, ukaenda, ukaenda, fundi akainuka na mkono hewani, na mlinzi wa nyuma kabisa akaegemea ukuta, akaunyaka.

Wachezaji wakatoka wakainamiana kwa adabu. Dukani hakuna hata aliyegeuza shingo. Karani akachukua rimoti, akaweka mbio za mbwa.

"Nani kashinda?" mama akauliza.

"Hakuna, Mama. Sare."

Midomo ya mama ilikuwa inatembea, akilirudia somo. Kisha akautoa mkeka chini ya mkoba, akauweka kwenye kiganja cha fundi, akamwomba amtupie.

Walitoka nje. Jua la alasiri lilikuwa kali, mama akaweka mkono juu ya macho, tabia ya zamani tu. Walipofika ngazi ya chini alisimama. Hakulia. Alisema Sensei hakumdanganya, aliwaambia sare zipo, ni yeye aliyeingiwa na tamaa uzeeni. Alisema kilichobaki ni kimoja.

"Binti yangu asijue. Nakuomba, baba. Nitatafuta la kuwaambia. Nitasema nimeogopa kisu."

Na huku akisema, alikuwa anakunja goti.

Mkwe anapigiwa goti na mama mkwe, mchana kweupe, wapita njia wanatazama. Fundi alimdaka viwiko kabla goti halijagusa chini. Kuna mzigo mtu anaubeba mpaka siku shingo inapokataa. Alisikia sauti ikimtoka, na haikuwa ya kuigiza.

"Mama, Sensei ni mimi."

Mama alitabasamu kidogo. Alidhani mkwe anamtania ili kumpoza. Akampigapiga mkono, akamwambia asijisumbue.

"Wewe kwenye kundi unajiita Nuru," fundi akasema. "Juzi uliniuliza mvua ikinyesha mchezo unahesabiwaje. Nikakujibu usiwe na hofu, uwanja ule una paa. Na leo aliyetupa hakuwa mkongwe, alikuwa mtoto. Nilikosea jina kwa sababu nilikuwa nimejificha chooni. Nilipokuona pale ndani nilikuwa bado na muda wa kuufuta mkeka wako. Nikaibana sauti nikuponyoke."

Tabasamu lilikauka usoni mwa mama. Aliuachia mkono wa fundi, akatafuta ukuta, akauegemea.

"Kikulacho," akasema polepole, "ki nguoni mwako."

Fundi alisubiri tusi. Alilihitaji. Alisubiri aulizwe habari ya macho, ya jokofu, ya kiapo. Mama alimuuliza jambo ambalo yeye alikwisha lisahau kabisa.

"Na mtoto anaendeleaje?"

Hapo fundi alitamani angetukanwa. Maana kulikuwa na wiki moja ambayo Sensei alikosea kila siku, kundi likachachamaa, watu wakitaka chao. Sensei akaandika kwamba kichwa chake hakiko sawa, mtoto wake amelazwa, ana homa isiyoshuka. Wengi walinyamaza kwa haya. Mtu mmoja tu, Nuru, alimtumia ujumbe mrefu wa sauti akimweleza namna ya kumkanda mtoto kwa maji ya uvuguvugu, apewe nini cha kunywa, dalili zipi zikionekana amwite daktari mbio. Na kila asubuhi baada ya hapo akawa anauliza: amelalaje? Anakula? Sensei hakuusikiliza ujumbe ule hata nusu. Aliuruka, akaenda kutafuta watupaji wa siku inayofuata. Angeusikiliza angeitambua sauti.

"Hakuna mtoto, Mama," akasema, macho chini. "Nilimtunga."

Pikipiki ilipita. Muuza magazeti wa kona alikuwa anakunja meza yake. Mama aliinamisha kidevu kifuani, na aliposema sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ile ya kazini, isiyopanda wala kushuka.

"Yupo."

Fundi akainua uso.

"Yupo. Ana miezi mitatu tumboni mwa mkeo. Alikuja kwangu juzi nimpime, na mikono yangu haihitaji macho. Alinikataza kusema. Leo mchana alitaka akufuate kazini akwambie mwenyewe."

Mafundi wa maneno husema mtu alipigwa na radi. Fundi miwani hakupigwa na chochote. Alisimama tu, na kitu pekee kichwani mwake kilikuwa kile kitanda alichokitunga, na homa ile, na mtoto aliyemlaza pale kabla hajazaliwa ili watu wasimdai.

Simu ikaita mfukoni mwa shati. Aliitoa, akaona ni mkewe, akaipokea kwa sababu vidole vilikwisha ipokea.

Mkewe alikuwa anahema kama mtu apandaye ngazi mbiombio. Alisema amekwenda dukani, bosi akamwambia mumewe ameomba ruhusa, amemkimbiza mama mkwe hospitali, amezidiwa. Na ni kweli, msomaji, huo ndio uongo aliouacha kazini leo, akijua hakuna wa kuufuata. Njia ya mwongo ni fupi.

"Nimezunguka wodi zote," mkewe akasema, na sasa alikuwa analia. "Wanasema hawajampokea. Mama yuko wapi? Niambie ukweli. Mama yangu amekufa?"

Fundi aligeuka kumtazama mama.

Mama masikio yake hayana mtoto wa jicho. Alisikia kila neno. Alinyoosha mkono hewani, kiganja wazi, akasubiri mpaka fundi alipoiweka simu humo.

"Mwanangu," akasema, "ni mimi. Acha kukimbia ngazi na hali hiyo. Tafuta kiti ukae, halafu uniambie umeshakaa."

Akasubiri. Kisha akamgeuzia mkwewe yale macho yenye ukungu.

"Amekaa," akamwambia, na akamrudishia simu.